Mtoto Mwenye Kikapu

Siku mama alipotoka eda tuligawa nguo za baba. Zilikuwa chache: kanzu mbili, suruali tatu, koti la kwendea mjini, na shati la kaki la kazini ambalo hakuna ndugu aliyelitaka. Nililichukua nilikunje, nikajikuta nimelipeleka puani. Lilikuwa limefuliwa mara nyingi, lakini kwenye kola lilikuwa bado na harufu ya rangi iliyochanganyika na mafuta ya taa. Baba alisafishia brashi zake mafuta ya taa, kisha akajifutia mikono kifuani. Kwa wengi wenu mliokulia vijijini wakati wetu, mafuta ya taa ni harufu ya koroboi na daftari. Kwangu ni harufu ya jumba moja kule Nachingwea, ya siku kumi na kitu nilizokaa ndani yake nikiwa na miaka saba, na ya maneno machache niliyoyasema mle ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

Tuliishi Narung'ombe. Baba alilima kama watu wote, korosho na ufuta, lakini kiangazi kikianza alifunga makopo yake nyuma ya baiskeli akazunguka mpaka Ruangwa mjini kuandika majina ya maduka, mabango ya shule, na maonyo ya watu wasimwage takataka. Walimwita Fundi Bakari. Herufi zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba hata asiyejua kusoma alisimama kuziangalia. Watu hakuchora. Msikitini kulikuwa na wazee waliosema kwamba kuchora kiumbe ni kujiingiza katika kazi isiyo yako, na baba hakupenda maneno. Kinyozi akitaka achorewe kichwa ukutani, baba alimwandikia neno KINYOZI kwa rangi mbili, akaondoka.

Kaka yangu Hamisi alikuwa na miaka kumi na moja alipoumwa na nyoka. Ilikuwa kifuku, msimu wa mvua, wakati wa palizi. Barabara ilikuwa tope tupu na hakuna gari lililopita. Mama alimfunga Hamisi mgongoni kwa baba kwa khanga mbili, kama mtoto mchanga, na baba akapanda baiskeli kumwahisha zahanati. Mimi nilibaki nimesimama njiani nikiona miguu ya Hamisi inaning'inia pande mbili za baiskeli, mmoja umevimba. Nilipokuwa mkubwa baba aliniambia mara moja tu kwamba alimsemesha njia nzima, na kwamba palikuwa na mahali Hamisi aliacha kujibu, naye akaendelea kumsemesha, akijiambia kuwa mtoto amelala.

Hatukuwa na picha yake hata moja. Mpiga picha alipita kijijini Idi moja, akatupiga mimi na mama tumesimama mbele ya mlango. Hamisi siku hiyo alijificha kwa sababu shati lake jipya lilikuwa bado kwa fundi cherehani, na hakutaka kupigwa na lile la zamani. Mama alimwita, akachoka, akasema basi, atapigwa mwakani.

Baada ya msiba mama alikaa ndani. Alipika, alifagia, kisha alirudi mkekani akalala ameelekea ukutani. Watu walidhani analia, lakini hakulia sana. Alichokuwa akifanya nilikijua kwa sababu nililala naye: alikuwa anajaribu kumkumbuka. Aliniuliza mambo. Nyusi zake zilikutana au hazikukutana? Kovu lilikuwa jicho la kulia au la kushoto? Nikimjibu alifumba macho, halafu siku moja akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyepoteza ufunguo, "Macho ninayo, Somoe. Mdomo umeondoka."

Mimi niliambiwa na bibi kwamba Hamisi amekwenda kukaa kwenye nyumba kubwa ya Mungu, pamoja na watu wote waliotangulia. Niliuliza ikoje. Bibi akasema ni kubwa kuliko nyumba zote, nyeupe, na mle ndani hakuna anayezeeka wala kusikia njaa. Nililishika hilo kama mtoto anavyolishika jambo, yaani lote, kama lilivyosemwa.

Korosho zilipoanza kuanguka alikuja mtu na pikipiki kumtafuta Fundi Bakari. Alitumwa kutoka Nachingwea. Kulikuwa na jumba la zamani la serikali huko, kasri hasa, ambamo watawala waliopita walikaa na kufanya baraza zao, na ambalo watu waliliita Jumba la Picha kwa sababu kuta za ukumbi wake zilikuwa zimechorwa kuanzia chini mpaka darini. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kulitembelea. Paa lilikuwa limevuja mahali, rangi zimebanduka, na mchoraji aliyefanya kazi ile alikuwa amekufa zamani. Baba alisema yeye ni mtu wa herufi. Yule wa pikipiki akasema kuna maandishi pia, na kwamba hawana mwingine. Baba alimtazama mama aliyekuwa amelala ameelekea ukutani, akanitazama mimi niliyekaa pembeni yake, akasema atakwenda, na kwamba atanichukua. Nadhani hakutaka nibaki kwenye kimya kile.

Tulikwenda na lori la korosho, baba juu ya magunia, mimi mbele na dereva. Tulifika mchana. Jumba lilikuwa juu kidogo ya barabara, nyuma ya miti iliyopandwa kwa mstari, na lilikuwa jeupe. Sikuwa nimewahi kuona nyumba yenye ngazi. Nilihesabu madirisha mpaka hesabu yangu ikaisha. Nikamshika baba shati.

Aliyetufungulia mlango alikuwa Mzee Namkambe, mtunza jumba. Alikuwa Mmakonde aliyevuka mto kutoka Msumbiji akiwa kijana wakati wa vita vya huko, akaoa kijijini Lionja, akazeekea kwenye lile jumba na ufagio wake. Aliwatembeza wageni ukumbini, na siku hiyo alitutembeza sisi kwa utaratibu uleule, kama vile na sisi ni wageni wa maana. Mle ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya popo. Kisha macho yangu yakazoea giza na nikawaona watu.

Walikuwa wengi, wakubwa kama watu wa kweli. Ukuta wa kwanza wanaume walikwenda kwa mstari na mizigo vichwani, shingo zimefungwa kamba, na aliyekuwa mwisho amepiga goti na mzigo wake umeanguka. Ukuta wa pili walikata msitu, na nyuma yao matrekta yalikuja kama wanyama. Wa tatu ulikuwa na vijana wamelala chini kwenye nyasi na bunduki, mmoja wao anaandika barua. Ukuta wa nne, ulioelekea mlangoni, ulikuwa wa mavuno: wanawake wanapiga ufuta, wazee wanaokota korosho, na mbele kabisa, karibu na sakafu, mtoto amebeba kikapu.

Mzee Namkambe alipita akiwagusa kwa mpini wa ufagio, akitaja majina. Huyu aliyepiga goti ni babu wa watu fulani wa kwa fulani. Huyu anayepiga ufuta alikuwa akiuza vitumbua pale sokoni. Mchoraji alitumia nyuso za watu wa hapahapa. Halafu akasema maneno ambayo yeye aliyasema kwa kila mgeni, na ambayo kwangu yalikuwa ni habari niliyokuwa naisubiri.

"Hawa wote wamekufa," alisema. "Lakini hapa wapo. Ntoto wa hapo tu ndiye kaondoka."

Mtoto mwenye kikapu hakuwa na kichwa. Maji yalikuwa yameshuka kutoka darini, yakabandua lipu kuanzia mabegani kwenda juu, ikabaki saruji tupu.

Siwezi kueleza vizuri furaha niliyokuwa nayo, na kila nikiikumbuka naona aibu. Nyumba kubwa kuliko zote, nyeupe, yenye watu waliotangulia ambao hawazeeki. Nilielewa kwamba bibi hakukosea. Nilielewa pia kwa nini baba alikubali kazi hii na kwa nini alinichukua. Sikumuuliza, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kufanya jambo kwanza na kulisema baadaye. Tulipewa stoo nyuma ya jumba tulale, na asubuhi baba akaanza kazi, nami nikaanza kuzunguka kuta moja baada ya nyingine, nikimtafuta Hamisi.

Siku za mwanzo baba alifanya yale aliyoyajua. Aliandika upya maandishi yaliyokuwa juu ya milango. Alijaza rangi kwenye anga, kwenye nyasi, kwenye khanga za wanawake. Mimi nilimshikia kopo na kumwoshea brashi. Saa sita Mzee Namkambe alituletea ugali wa muhogo na kisamvu, tukala nje kwenye ngazi, na wazee wale wawili walizungumza mambo ya mvua. Msimamizi wa jumba, bwana mmoja mnene mwenye miwani aliyekaa ofisi ya mbele, alipita kila jioni kuangalia. Hakuwa mkali. Alimwita baba "fundi" na mimi "binti", na mara moja alinipa andazi. Baba alipomuuliza mtoto mwenye kikapu atiwe uso gani, alijibu uso wowote, mradi uwe wa mtoto na mgeni asiulize.

Lile likawa gumu. Baba aliupiga lipu ukuta, akasubiri ukauke, akachora mviringo. Alitia macho, akayafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akatia tena. Nyuso zilizotoka zilikuwa kama vinyago, au kama vichwa vya wanasesere, na mmoja ulimtisha hata Mzee Namkambe. Siku mbili alichora na kufuta, mpaka ukumbi mzima ukanuka na macho yangu yakawa yanatoka maji. Siku ya tatu niliamka nikamkuta hayupo stoo. Kulikuwa kumeshapambazuka. Nikaenda ukumbini, nikamkuta ameketi sakafuni, brashi iko chini, mikono yake imelegea juu ya magoti, na mbele yake amesimama Hamisi amebeba kikapu.

Alikuwa yeye. Nyusi hazikukutana. Kovu lilikuwa jicho la kushoto. Na mdomo, ambao mama aliutafuta miezi yote ile, ulikuwa umefunguka kidogo upande mmoja, kama alivyofanya alipotaka kusema jambo akikatazwa kucheka.

Baba hakunisikia nilipoingia. Nilikwenda nikasimama mbele ya ukuta, nikamwambia Hamisi kwamba shati lake lilikuja, liko sandukuni. Hapo baba akageuka. Uso wake wote ulikuwa umelowa na hakuufuta. Alisema, "Umemjua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi na mama yako atamjua."

Siku hiyohiyo alikwenda barabarani akamtafuta dereva wa lori linalorudi Ruangwa, akamtuma kwa mama. Ujumbe ulikuwa mfupi: aje Nachingwea kabla ya Ijumaa, kuna kitu cha kuona, asiulize. Ijumaa ndiyo siku aliyotarajiwa mgeni. Baba alihesabu kwamba mama akipata lori Jumatano atafika Alhamisi mchana, atakaa mbele ya mwanawe jioni nzima, na hakuna atakayejua isipokuwa sisi. Hata Mzee Namkambe hakumwambia. Mimi pia aliniambia nisiseme, lakini aliniambia kama watu wanavyowaambia watoto, bila kunieleza kwa nini.

Na mimi sikukusudia kusema. Nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa kingine kabisa. Niliona kwamba Hamisi amepatikana, na kwamba mama anakuja kumchukua. Sasa nikawa na wasiwasi juu ya jambo moja: jumba hili lina mwenyewe. Kwetu huwezi kuchukua hata kuku wa mtu bila kumwambia mwenye nyumba. Mama akifika asiporuhusiwa itakuwaje? Baba alikuwa mpole mno kuuliza. Usiku wa Jumatano nililala nikilipanga swali langu ili liwe na adabu.

Alhamisi asubuhi msimamizi aliingia ukumbini kukagua kwa mara ya mwisho. Baba alikuwa nje akichanganya rangi. Msimamizi alipita ukuta hadi ukuta, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kwa mtoto mwenye kikapu alisimama, akasema huyu ametoka vizuri kuliko wote. Nikapiga goti kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo. Huyu ni kaka yangu Hamisi," nilisema. "Alikufa. Mama anakuja leo kumchukua. Tunaomba umruhusu."

Nakumbuka jinsi alivyovua miwani. Aliniuliza alikufa lini na kwa nini, nikamjibu yote, kwa sababu mkubwa akikuuliza unajibu. Alirudi nyuma hatua moja kutoka ukutani. Kisha akatoka kumwita baba.

Waliongea kwenye ngazi, na mimi niliwasikia nikiwa nyuma ya mlango. Msimamizi hakupiga kelele. Nilipokuwa mtu mzima nilikuja kuelewa kwamba alikuwa anaogopa. Alisema kesho mgeni atapita pale, na katika mji huu hakuna siri. Ikijulikana kwamba kumewekwa sura ya maiti ya mtoto mlangoni, watu watasema amemtegea mgeni, kwamba ni mambo ya uganga, na kazi yake itakuwa imekwisha. Baba alimwambia hakukusudia ubaya. Msimamizi akasema anaamini, lakini uso utoke, atie mwingine.

"Nimejaribu siku mbili, mkubwa," baba alisema. "Mkono wangu haujui uso mwingine."

Basi msimamizi akaamua mtoto atoke mzima na kikapu chake, papigwe chokaa, na mahali pale pasimamishwe mtungi wa maua. Baba aliomba apewe mpaka jioni, mama wa mtoto yuko njiani. Msimamizi alisema jioni kunakuja watu wa mapokezi kupanga viti, hawezi. Alimpa mpaka saa saba mchana.

Baba aliingia ukumbini akanikuta nyuma ya mlango. Alijua. Nilisubiri kofi, na ninasema kweli kwamba ningelipenda. Alinitazama tu kwa muda, akaniambia, "Nenda ukakae na Mzee." Sikwenda mbali. Mzee Namkambe alinikalisha kwenye ngazi, na kutoka pale, mlango ukiwa wazi, niliona kila kitu.

Baba alikoroga chokaa kwenye ndoo. Alianza na miguu. Alipaka vidole, nyayo, magoti, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Akapaka kikapu. Akapaka kaptula na kifua. Kila baada ya muda kidogo alitoka mpaka kwenye ngazi akatazama barabara, na mimi nikatazama naye, lakini lori halikuonekana. Ilipofika saa saba ilibaki shingo na uso. Msimamizi alikuja akasimama mlangoni. Baba alichovya brashi, akaishika muda mrefu mpaka chokaa ikamdondokea miguuni. Kisha akapaka mdomo, akapaka macho. Palipokauka kidogo nyusi zilijitokeza tena kwa chini, akapaka mara ya pili.

Mama alifika saa tisa. Gurudumu la lori lilikuwa limepasuka njiani. Alikuwa amevaa khanga zake za Idi na viatu, na amebeba kapu lenye mihogo ya kuchemsha na chupa ya uji, kwa sababu hakujua anaitiwa nini. Baba alimpokea kapu. Alimwingiza ukumbini, nao wakakaa huko, wawili tu. Mzee Namkambe alinizuia mimi, akanishika mkono kwa nguvu huku akitazama kwingine. Sikusikia walichosema. Nilisikia baba akiongea kwa muda, sauti ya chini. Mzee aliponiachia nilikimbia mlangoni. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta mweupe, ameuwekea viganja vyote viwili, na alipoviondoa vilikuwa vyeupe na ukuta ulikuwa na alama za vidole vyake. Baba alilazimika kupaka tena pale.

Tulirudi siku hiyohiyo. Mgeni alikuja au hakuja, sijui.

Maisha yaliendelea, maana shamba halingoji. Mama alitoka mkekani, akalima, akanisomesha. Lakini kuna kitu kilifungwa kati yake na baba. Alimpikia, alimfulia, alimpelekea maji ya kuoga, alimjibu alipoulizwa. Hakuwahi tena kumwanzia mazungumzo. Hawakugombana hata siku moja, na majirani waliwasifu kwa hilo. Baba alirudi kwenye herufi zake. Mimi nilikua nikidhani kwamba hivyo ndivyo msiba unavyowafanya watu, na kwamba sehemu ya msiba ule niliiongeza mimi, na kila nilipotaka kusema niliwatazama nikaogopa kuwavunjia hata kile kidogo kilichobaki. Nikaolewa Dar es Salaam, nikazaa. Nilikuwa huko baba alipoanza kuugua kifua, na nilifika Narung'ombe akiwa tayari ameshazikwa.

Ndiyo maana siku ile ya kugawa nguo, watu walipoondoka, nilikaa barazani na mama, yeye akichambua mbaazi kwenye ungo, nikamwambia. Nilimwambia juu ya swali nililolipanga usiku, juu ya miwani, na yule msimamizi aliyerudi nyuma hatua moja. Nilisema bila kumtazama. Nilipomaliza, mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo.

"Aliniambia ni yeye," mama alisema.

Sikuelewa. Akaendelea, kwa shida, akitafuta kila neno. Siku ile ukumbini baba alimwambia kwamba alijisifu kwa wakubwa. Kwamba alipoona picha imetoka vizuri alishindwa kuzuia mdomo wake, akamwita msimamizi, akamwonyesha huyu ni mwanangu, ili asifiwe kazi. Ndiyo maana wakaifuta. Mama alisema angeweza kumsamehe mtu aliyeshindwa kumfikisha mtoto zahanati, kwa sababu njia aliiona yeye mwenyewe na tope aliliona. Lakini kumfuta mtoto mara ya pili kwa ajili ya sifa, hilo alishindwa. Akalishikilia miaka yote.

"Alipokuwa anaumwa aliniomba radhi," alisema. "Mara mbili. Nilimwambia radhi ataipata kwa Mungu." Alichukua punje moja ya mbaazi, akaiangalia, akairudisha ungoni. "Akasema sawa, Mama Hamisi. Basi. Hakusema kingine."

Nilianza kumwomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono. Aliniuliza nilikuwa na miaka mingapi wakati ule. Nikamwambia saba. Akarudia, saba, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu baada ya kwisha kukinunua. Aliweka ungo chini akaingia ndani, na sikumwona tena mpaka kesho yake.

Asubuhi alikuwa amevaa kabla yangu. Aliniambia nimsindikize. Kaburi la baba lilikuwa bado ni tuta la udongo mwekundu, na la Hamisi lilikuwa pembeni, limekwisha kulala usawa wa ardhi. Nilidhani atasoma dua, na mimi nikainua mikono. Hakusoma. Aliketi kwenye udongo na khanga zake safi, akanyoosha miguu kama anayekaa jikoni kwake, akakohoa kidogo kusafisha koo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, ile sauti aliyoitumia, sauti ya kawaida ya mke anayemwanzia mumewe habari za siku.

"Baba Hamisi," alisema, "Somoe ameniambia."

Akangoja.